Namna ya kusoma rekodi za besiboli za enzi ya steroidi

Anza na mwaka, jina la mchezaji lifuate. Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani ilikataza steroidi, dawa za kuongeza misuli na nguvu, kwa waraka wa 1991, lakini bila vipimo ule ulibaki karatasi tu. Vipimo vya majaribio, visivyo na adhabu, vilikuja 2003. Waliokutwa na dawa walipozidi asilimia 5, adhabu zikafuata 2004. Kwa hiyo rekodi safi ya 1998 haithibitishi kitu.

Kisha angalia dawa yenyewe. Androstenidioni, kirutubisho cha kuongeza homoni ya kiume, aliyotumia mchezaji Mark McGwire mwaka huo wa homurani 70 (mapigo yanayovusha mpira nje ya uzio) ilikuwa bado halali kwenye ligi.

Ripoti ya Mitchell ya 2007, uchunguzi ulioagizwa na ligi kuhusu dawa hizo, ina majina 89 ya wachezaji. Usiichukue kama orodha kamili: iliegemea mno mashahidi wachache waliowapatia wachezaji dawa.