Timu ya makabila mchanganyiko: bosi anza na lugha

Kama unasimamia timu hapa Kampala na ndani una Muganda, Mlugbara, Mwacholi, Mnyankole na Mkenya mmoja wa mauzo, usikimbilie semina ya hotelini, anza na lugha. Mkutano unaanza vizuri kwa Kiingereza, mtu anatupia utani kwa Kiluganda, watu wanacheka, kidogo tu maamuzi yashapita kwa Kiluganda na yule Mlugbara wa Arua yuko anachezea simu, afu mwisho wa mwezi unamwandikia eti hachangii mawazo. Atachangiaje sasa? Kikao cha kazi na grupu la WhatsApp la kazi iwe Kiingereza au Kiswahili, mkiteleza mtu yeyote aseme "turudi" na asinuniwe. Chai ya saa nne waache waongee wanavyotaka, hapo hapakuhusu.

Ajira nayo. Nafasi ikitoka itangazwe wazi, mana ile ya "kuna kijana wa nyumbani anatafuta kazi" ndo inafanya stoo nzima iwe ya kijiji kimoja, siku wakikosana na meneja wanagoma wote. Maswali ya intavyuu andika kabla, kila mtu aulizwe yaleyale, na "hilo jina ni la wapi?" acha kabisa. Katiba ya 1995, ibara ya 21, imekataza kubagua mtu kwa kabila, jinsia au dini.

Binti wa Kiganda akipiga magoti kukusalimia usimcheke, ila usimnunie Mwacholi aliyekusalimia amesimama. Na pati ya ofisi isiwe nguruwe tu jamani, Waislamu watakunywa soda mpaka lini?

Kwa wanawake, angalia nani anatumwa chai na nani anaandika minitsi kila kikao. Weka zamu, wanaume wamo. Likizo ya uzazi ni siku 60 za kazi na mshahara kamili, baba anapata siku 4, hiyo ni Sheria ya Ajira ya 2006 sio hisani ya bosi, kwa hiyo mama asirudi akute meza yake ina mtu mwingine. Mkizidi wafanyakazi 25 sheria inawadai muwe na mipango ya kuzuia unyanyasaji wa kingono. Wa kupokea malalamiko wawe wawili, mwanamke na mwanaume, na asiwepo shemeji wa meneja hapo, mana kuna mambo binti hawezi kumwambia mzee wa umri wa baba yake.