Somo: Kubadilisha kitambaa cha kikaushio cha picha

Kitambaa cha kikaushio kikianza kuwa na madoa ya manjano, usidhani ni uzee tu. Mara nyingi hayo ni mabaki ya fiksa, yaani dawa ya chumba cha giza inayoifanya picha isibadilishwe tena na mwanga, kutoka kwenye picha zilizooshwa harakaharaka. Kitambaa huinywa, joto huikausha humo, kisha picha inayofuata, hata kama imeoshwa vizuri, huingia ikiwa mbichi na kuifyonza. Baadaye picha hiyo hugeuka manjano au kufifia. Kwa hiyo badilisha kitambaa hata kama hakijachanika.

Nazungumzia kikaushio bapa: bati la kromu linalopashwa moto, na kitambaa kinachovutwa juu yake kwa fito na springi.

1. Chomoa waya wa umeme, uache mashine ipoe kabisa.

2. Piga picha uone kila springi imenasa wapi. Zilegeze moja moja huku umeshika ufito, maana springi ikiponyoka inaumiza. Kitambaa cha zamani kitunze, utakihitaji kwa vipimo.

3. Tafuta turubai la pamba tupu, lisilopaushwa wala kutiwa rangi. Nailoni haifai kwenye joto. Turubai la mahema lililotiwa dawa ya kuzuia maji halifai kabisa: mvuke lazima upenye kitambaa, la sivyo picha haikauki.

4. Lifue kabla ya kukata. Hatua hii ndiyo wengi huiruka. Pamba mpya ina wanga wa kiwandani, tena husinyaa. Tumia maji ya moto, rudia, suuza sana, na usitie kilainishi cha nguo. Likikauka, dondoshea tone la maji. Likinywewa mara moja, turubai liko tayari.

5. Kata kwa kufuata nyuzi zinazoenda na urefu wa jora, kwani upande huo haulegei upesi. Upana chukua kwenye kitambaa cha zamani, lakini urefu pima kwenye mashine yenyewe, kwa sababu cha zamani kimeshavutika. Shona pindo za kupitishia fito kwa uzi wa pamba, mishono miwili. Pindo likienda upande, kitambaa kitajikunja na mikunjo itahamia kwenye picha.

6. Futa bati kwa sponji na sabuni isiyo kali. Steelwool usiisogeze hapo. Mkwaruzo wa kromu hauondoki.

7. Funga kitambaa kipya, washa bila picha mpaka kitambaa kipate moto, kisha angalia tena kama kimevutika sawasawa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, siwezi kukifua tu cha zamani?
Jibu: Unaweza, na ni vizuri kukifua mara kwa mara. Ila manjano yakigoma kutoka, kiache.

Swali: Picha zangu za karatasi iliyopakwa plastiki zinanata kwenye bati. Ni kitambaa?
Jibu: Hapana, ni plastiki inayoyeyuka. Hizo zianike hewani. Kikaushio hiki ni cha karatasi ya barita, yaani ile isiyopakwa plastiki.

Swali: Uso wa picha uelekee wapi?
Jibu: Ukitaka mng'ao, uelekee kwenye bati. Usipotaka mng'ao, uelekee kwenye kitambaa, na hapo chagua turubai lililofumwa kwa nyuzi nyembamba, kwa sababu uso mbichi wa picha hunakili alama za mfumo wa nyuzi.