Namna ya kujilinganisha na Jane Eyre, au na mhusika mwingine umpendaye

Mimi ni mwalimu wa tuisheni. Naishi Majengo, Mombasa, na jioni napanda matatu kuvuka daraja la Nyali kwenda kufundisha watoto majumbani kwao. Kwa hiyo sikuona tabu kumpenda Jane Eyre, mwalimu wa nyumbani katika riwaya ya Charlotte Brontë ya mwaka 1847. Ni yatima, analipwa pauni 30 kwa mwaka kumsomesha mtoto katika jumba la Thornfield huko Uingereza, na humo ndani si wa upande wa wenye nyumba wala si wa upande wa watumishi. Nafasi hiyo naijua. Unaletewa chai sebuleni, lakini hakuna anayekaa kuinywa nawe.

Wanafunzi wangu wakubwa wa kike huniambia, "Mwalimu, mimi ndiye fulani kabisa," wakitaja mhusika wa riwaya au wa tamthilia ya televisheni. Nikiuliza kwa lipi, nitajiwa sifa: ana msimamo, hababaishwi. Kwa sifa, nani asiyejiona ndani yake? Basi nawaonyesha njia yangu.

Chagua tukio moja tu, lile ambalo mhusika ana njia mbili mbele yake na anashika moja. Wasomaji wengi wa Jane hukimbilia siku anayotoroka Thornfield, baada ya kugundua kwamba Bwana Rochester, mwenye jumba hilo na aliyekuwa anamwoa, ana mke hai. Sawa, lichukue hilo, ila lisome polepole na utazame vitu. Anaondoka alfajiri. Mkobani ana shilingi 20 za Kiingereza, yaani pauni moja, ndizo mali yake yote. Mkufu wa lulu aliopewa na Rochester anauacha. Anachukua maji na mkate, halafu anatafuta mafuta na unyoya, anaupaka ufunguo na kitasa cha mlango wa pembeni. Mimi kila nikifika kwenye unyoya ule husimama. Moyo umepasuka, na bado mkono unakumbuka kwamba kitasa kitalia. Ukiniuliza msimamo wa Jane uko wapi, nitakuonyesha pale, kabla ya maneno yoyote aliyomwambia Rochester.

Sasa gawanya ukurasa wa daftari katikati. Upande mmoja andika alichokuwa nacho siku hiyo: fedha, jamaa, umri, pa kulala kesho. Upande wa pili andika chako. Usiandike hisia bado. Mimi niliuandika wangu nimekaa kwenye bustani ya Mama Ngina chini ya mbuyu, wakati nyumba moja niliyokuwa nikifundisha ilipokuwa ikinicheleweshea malipo na nimeshaanza kujiambia nitaondoka kama Jane. Upande wake: shilingi 20, zikaishia zote kwenye nauli, jamaa wa kumkimbilia hana, umri hajafika miaka 20. Upande wangu: dada yangu yuko Likoni na mlango wake haufungwi kwangu, nina wanafunzi wengine Kizingo, nina cheti, nina simu.

Ukurasa ulinijibu wenyewe. Mimi ningeondoka jioni na usiku ningekuwa kwa dada, nala wali wa nazi. Jane alilala nje nyikani, na njaa ikamfikisha kuomba uji uliokuwa ukienda kutupiwa nguruwe. Kuziita safari hizo mbili kwa jina moja ni kumdhulumu. Ikitokea hivyo kwako usimwache mhusika wako; rudi kitabuni utafute tukio linalolingana na kimo cha maisha yako. Mara nyingi huwa dogo, na watu hulipita.

Langu nililipata pale Jane anapoomba ruhusa aende kumwona mjane wa mjombake, aliye mgonjwa wa kufa. Rochester anadaiwa naye mshahara wa pauni 15. Anamtolea noti ya 50. Jane anasema hana chenji. Rochester anabadili mawazo, anampa 10. Jane anazipokea, kisha anamwambia sasa umebaki unadaiwa tano. Anampenda mtu huyu, anamwita bwana, na bado hesabu anaitamka mbele yake bila kuinua sauti.

Hilo nililiweza. Mama wa yule mtoto alinitumia elfu tatu kati ya elfu tano. Nilingoja tuonane ana kwa ana, maana kwa ujumbe maneno huweza kusomeka kwa ukali. Nikamwambia, "Ahsante mama, zimeingia elfu tatu. Sasa zimebaki elfu mbili." Akanyamaza kidogo, akasema, "Ndiyo mwalimu, Ijumaa." Ijumaa zikaingia, na mtoto tukaendelea naye mpaka mwisho wa muhula.

Kuna hatua moja ambayo wengi huiruka, nami naishikilia sana: muulize mhusika wako nani hamwoni sawasawa. Ghorofa ya tatu ya Thornfield amefungiwa Bertha Mason, mke wa Rochester, aliyeletwa kutoka Jamaica, ambaye ndoa yake ilimpatia mume pauni 30,000. Sauti yake hatuisikii ila kicheko na ngurumo. Jane anamhurumia kwa sentensi chache, kisha hadithi inaendelea na Jane. Sisi watu wa Pwani tunajua utajiri wa mashamba ya visiwani ulitoka kwenye migongo ya watumwa, hatuwezi kusoma Jamaica tukapita tu. Kwa hiyo chini ya ukurasa niliongeza mstari: katika nyumba ninayofundisha, nani simwoni? Alikuwepo dada wa kazi, anayenifungulia geti kila siku, nami sikuwa namjua hata jina. Nilimuuliza.

Mengine ni mepesi. Andika kwa mkono. Tumia kitabu chenyewe, si filamu, kwa sababu filamu huweza kuruka mambo ya fedha, na bila fedha huwezi kujaza ule ukurasa. Na ukimfanyia hivi mhusika wa Kiswahili, mathalani Rosa wa riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, weka pia safu ya baba na mama, kwani kwake uamuzi mwingi ulikuwa umeshafanywa nyumbani kabla hajatoka mlangoni.