Usiombe kusamehewa kazi, omba njia nyingine ya kuifanya: mwongozo kwa mwenye ulemavu anayesomea sayansi na afya

Nilipoteza sehemu kubwa ya usikivu nikiwa na miaka 9, baada ya homa ya uti wa mgongo. Leo ni muuguzi. Katikati hapo kuna miaka minne ya chuo kikuu, na mengi yaliyonitesa miaka hiyo yangepungua kama mtu angenikalisha chini akanionyesha pa kuanzia. Kwa hiyo nakuandikia wewe, mdogo wangu, unayetaka kusomea uuguzi, famasia, maabara, kemia au tiba ya viungo, na una mwili au akili isiyofanana na ile waliyoifikiria walioandaa kozi.

Kabla hujaomba nafasi

Vyuo vingi siku hizi huandika kwamba vinakaribisha wote. Usiishie hapo. Waandikie, uwaulize mambo yanayojibika. Nani hasa anashughulikia marekebisho kwa wanafunzi wenye ulemavu, na je, anaweza kumwagiza mhadhiri au anamshauri tu? Marekebisho nitakayopewa chuoni yatanifuata hospitalini wakati wa mafunzo kwa vitendo, au yataishia getini? Naweza kuona orodha ya stadi ambazo mhitimu lazima aziweze?

Swali la hospitali ndilo zito kuliko yote. Maabara ya chuo inaweza kuwa na kila kifaa, halafu ukapangiwa wodi ambayo hakuna hata mmoja aliyeambiwa habari zako. Chuo kinachokujibu kwa jina la cheo na utaratibu ulioandikwa kimeshawahi kupita njia hiyo. Kinachokujibu "usijali, tutaona ukifika" bado hakijapita.

Orodha ya stadi uisome kitenzi kwa kitenzi. Ikiandika "atathmini mapigo ya moyo", mlango uko wazi: kutathmini kunawezekana kwa sikio, kwa kidole, kwa mchoro kwenye skrini. Ikiandika "asikie mapigo ya moyo", uliza ni matokeo gani wanayataka, kwa sababu mgonjwa anahitaji jibu sahihi, na jibu hilo lina njia zaidi ya moja. Jacob Bolotin alizaliwa kipofu, akahitimu udaktari Chicago mwaka 1912, akajulikana kwa magonjwa ya moyo na mapafu. Alimchunguza mgonjwa kwa masikio na vidole.

Kama unaweza, nenda ukaione maabara yenyewe. Mwenzangu mmoja anayetumia kiti cha magurudumu alikwenda na futi kamba. Meza nyingi za maabara zimetengenezwa kwa mtu aliyesimama, karibu sentimita 90 kutoka sakafuni, na chini yake kuna makabati. Aliyekaa anahitaji meza ya chini zaidi na iliyo wazi chini yake, magoti yapite. Hilo alilitarajia. Ambalo hakulitarajia ni mnyororo wa bafu la dharura, ule unaovutwa kama kemikali imekumwagikia: ulining'inia juu, hakuufikia. Akapiga picha, akaituma pamoja na maombi yake. Chuo kilipofunguliwa, mnyororo ulikuwa umerefushwa na meza moja imeshushwa. Nawe angalia hayo hayo, na sinki la kuoshea macho, na uzito wa mlango, na njia ya kutokea kama lifti imezimwa kwa sababu ya moto. Kama husikii, uliza kama kengele ya moto ina taa, hata chooni.

Ukihitaji kuinukuu sheria, anza na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006. Ibara ya 24 inagusa elimu hadi chuo kikuu, na ibara ya 2 inasema kumnyima mtu marekebisho yanayofaa ni ubaguzi. Nchi nyingi zimeuridhia. Sentensi moja katika barua yako inatosha.

Presha ilivyonifundisha

Ngoja nikueleze habari ya presha, maana hapo ndipo nilipoelewa nini cha kuomba.

Mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa kuipima kwa masikio. Unafunga mkanda juu ya kiwiko, unaujaza upepo mpaka damu izibwe, kisha unaulegeza taratibu, milimita 2 au 3 za zebaki kwenye kipimo kwa kila sekunde, stethoskopu ikiwa juu ya mshipa kwenye kunjo la kiwiko. Mgoto wa kwanza ndiyo presha ya juu. Sauti inapopotea kabisa, hiyo ndiyo ya chini. Daktari wa upasuaji wa Urusi, Nikolai Korotkov, ndiye aliyezieleza sauti hizo mwaka 1905, na mimi nilikuwa sisikii hata moja.

Mkufunzi wangu, mama mwenye roho safi, aliniona nikihangaika akaniambia, "Mwanangu, hili tutakusamehe. Mwenzako atasikiliza, wewe utaandika." Nilishusha pumzi. Ilinichukua wiki nzima kutambua nilichokubali. Siku moja nitakuwa zamu ya usiku, mama ametoka kujifungua, jasho linamtoka na kichwa kinamzunguka. Huyo mwenzangu wa kusikiliza atatoka wapi? Nikarudi kwake. "Mama, sitaki kusamehewa. Naomba tutafute namna."

Tulianza na vidole. Weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Jaza mkanda mpaka mpigo upotee chini ya vidole, ongeza milimita 30, kisha legeza polepole. Pale mpigo unaporudi ndipo ilipo presha ya juu, au pungufu yake kidogo. Njia hii haikupi presha ya chini. Lakini inafanya kazi penye kelele, inafanya kazi gizani, na inafanya kazi hata betri za vifaa vyangu vya usikivu zikiisha. Nilifanya mazoezi kwa kila aliyekubali kunipa mkono, hadi nikawa nahisi mpigo dhaifu ambao wenzangu walikuwa wanaukosa.

Baadaye tukapata stethoskopu ya kielektroniki, inayokuza sauti na kuchora mawimbi yake kwenye skrini. Tatizo likawa masikioni. Nikivua vifaa vyangu vya usikivu, simsikii mgonjwa. Nikiviacha, stethoskopu haiingii. Tukajaribu vipokea sauti vikubwa vinavyofunika sikio zima pamoja na kifaa chake, na hapo ikakaa. Bado sauti ilikuwa hafifu. Ndipo mtaalamu wa usikivu aliponieleza jambo ambalo kila mwanafunzi wa afya asiyesikia vizuri angepaswa kuambiwa siku ya kwanza: sauti za moyo ni nzito, sehemu kubwa iko chini ya hezi 200 (mitetemo 200 kwa sekunde), na vifaa vingi vya usikivu hupangwa kuzipunguza sauti nzito ili maneno ya watu yasikike. Kifaa changu kilikuwa kinazuia kile kile nilichokuwa nakitafuta. Akaniwekea mpangilio wa pili, ninaouwasha kwa kitufe, unaoziachia sauti nzito zipite. Jioni hiyo nikasikiliza kifua cha rafiki yangu kwenye chumba cha mazoezi. Nilimwomba asiinuke kwanza.

Halafu, na hatua hii usiiruke, tulithibitisha. Mkufunzi alipima watu 20 akaandika na kuficha karatasi. Baada ya dakika mbili nikapima mimi watu hao hao. Tukalinganisha. Majibu yetu mara nyingi yalitofautiana kwa milimita 2 hadi 4, na pale yalipoachana zaidi tulirudia wote wawili. Karatasi ile niliitunza miaka yote minne. Kila aliyeniuliza kama mgonjwa yuko salama mikononi mwangu, nilimwonyesha. Swali hilo ni la haki, usilichukie. Liandalie jibu lenye tarakimu.

Ulemavu mwingine, njia nyingine

Katika darasa letu la mikrobiolojia kulikuwa na kijana mwenye upofu wa rangi. Haoni tofauti ya zambarau na waridi, na upakaji rangi wa Gram, njia ya kuwapaka bakteria rangi ili kuwagawa makundi mawili, unasimama juu ya tofauti hiyo hiyo: bakteria Gram chanya hubaki zambarau, hasi huwa waridi. Hadubini yake ilifungwa kamera, picha ikaenda kwenye skrini, akabadilisha rangi hizo mbili kuwa zile anazoziona, kisha akasoma umbo na mpangilio wa bakteria kama kila mtu. Penye karatasi ya litmasi, inayobadilika rangi kwa asidi, alitumia mita ya pH, inayoonyesha kiwango cha asidi kwa tarakimu. Penye kuchunga rangi ya kimiminika igeuke, alichora grafu ya pH na kutafuta mahali inapopanda ghafla, na grafu hiyo ina usahihi mkubwa kuliko macho ya yeyote. Ukijishuku, pima mapema. Wapo wanaogundua wakiwa tayari chuoni, mbele ya slaidi.

Kwa asiyeona, adui mkubwa ni picha. Programu ya kusoma skrini husoma maandishi, lakini mlinganyo wa kemia uliobandikwa kama picha ni ukimya mtupu. Omba vitini viandikwe ili milinganyo isomeke kama maandishi, na michoro itolewe kwenye karatasi inayovimba penye mistari, ifuatwe kwa vidole. Kwa hisabati za nukta nundu kuna mfumo wa Nemeth, uliotungwa na Abraham Nemeth, mwanahisabati kipofu, ukatolewa mwaka 1952. Na vidole si wasaidizi wa macho tu: Geerat Vermeij, kipofu tangu akiwa na miaka mitatu, alikuwa profesa wa elimu ya viumbe wa kale akizichunguza konokono za baharini kwa kuzipapasa, na kwa vidole alizisoma alama za makucha ya kaa zilizopona juu ya magamba.

Mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kutambua maneno yaliyoandikwa, atapata taabu kwenye majina ya dawa yanayofanana. Hapo tayari kuna utaratibu unaotumika hospitalini kwa kila mtu: sehemu inayotofautisha huandikwa kwa herufi kubwa, kama hydrOXYzine na hydrALAZINE. Andika daftari lako zima hivyo.

Mihadhara. John Cornforth alikuwa kiziwi, hakusikia mhadhara wowote chuoni Sydney, akasoma kwa vitabu na kwa kazi ya maabara, akapata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1975. Nasi tusiosikia tusome hivyo: omba slaidi na orodha ya istilahi siku mbili kabla. Mkalimani wa lugha ya alama naye apewe, kwa sababu istilahi nyingi hazina alama iliyozoeleka na inabidi mkubaliane ninyi wawili kabla ya kipindi.

Barua ya ukurasa mmoja

Huna wajibu wa kumsimulia mhadhiri historia ya ugonjwa wako. Andika unachohitaji na kwa kazi ipi. Yangu ilisema: "Nasoma midomo. Naomba uongee ukiwa umetutazama, si ukiandika ubaoni. Swali likiulizwa nyuma ya darasa, lirudie. Wakati wa kukabidhiana zamu naomba tusimame mduara, na kiwepo kikaratasi." Mwenye kifafa, kisukari au ugonjwa wa akili usioonekana aweke pia nini kifanyike akizidiwa, na nani aitwe. Ipeleke kabla muhula haujaanza.

Muda wa ziada kwenye mitihani uombe, ila kwa akili. Kwenye mtihani wa maandishi na hesabu za dozi, haki yako. Kwenye vituo vya mtihani wa vitendo, omba dakika ya ziada ya kusoma maelezo kabla ya kuingia. Usiombe muda wa ziada ndani ya kituo cha kumfufua mtu ambaye moyo umesimama. Pale kasi ni sehemu ya stadi yenyewe, na mgonjwa hataongeza dakika.

Wodini

Barakoa zilinifichia mdomo wa kila mtu, nami nasoma midomo. Zipo zenye dirisha angavu. Omba timu yako wapewe, na mahali pasipofaa kuzivaa kubalianeni ishara. Chukua kifaa cha mtetemo kwa ajili ya kuitwa, na simama mahali unapoona taa za mashine za wagonjwa.

Katika wodi moja niliwekwa mezani kujaza mafaili kwa wiki mbili, kwa kisingizio cha kunilinda. Sikugombana. Niliandika kila tarehe, kila kazi niliyonyimwa na stadi iliyohusika, nikampelekea mratibu wa mafunzo pamoja na ile karatasi ya watu 20. Nilihamishwa, na siku nilizopoteza nikafidiwa. Bila tarehe ningebaki na malalamiko tu.

Pumzika. Kusikiliza kwa nguvu zote kwa muda wa saa nane kunachosha kuliko kusimama, na uchovu huo ndio unaoleta makosa ya dawa.

Kwa mgonjwa, sema mwanzoni kabisa, kabla hujamgusa. Mimi husema, "Shikamoo. Mimi ni muuguzi wako wa leo, na masikio yangu hayasikii vizuri, kwa hiyo nitakuomba unitazame ukiongea." Siku moja mzee mmoja, aliyeandikwa kwenye faili kuwa mkaidi asiyejibu maswali, alinitazama kwa muda. Kisha akapeleka mkono chini ya mto, akatoa kifaa cha usikivu ambacho kilikuwa kimeisha betri tangu alazwe. Betri zetu zilikuwa saizi moja. Nikampa ya akiba, nikasubiri aiweke, ndipo nikaanza kumuuliza upya.