SOMO: Kutoa nyuzi za nano kwenye katani na kuimarishia plastiki ya wanga

Wakuu, leo tunashika kazi kwa mikono. Selulosi ndiyo inayoufanya mti usimame, ndani ya kila uzi wa mmea kuna vijiuzi vyembamba vya nanometa chache tu (nanometa ni milimita moja ukiigawa mara milioni, unene wa unywele mmoja ni kama nanometa 80,000), na fuwele zake zina ugumu wa gigapaskali 130 mpaka 150 hivi, chuma ni kama 200 lakini chuma kina uzito mara tano yake. Kwa hyo shughuli yote ni kuvitenganisha hivyo vijiuzi bila kuviua afu kuvitia kwenye kitu dhaifu kama plastiki ya wanga ili isichanike hovyo.

Sheria moja kabla ya yote: USIKAUSHE NYUZI KATIKATI YA KAZI. Mara ya kwanza mimi nilijifanya msafi, nikasuuza vizuri nikaanika juani nihifadhi, wiki iliyofuata nikaloweka nikasaga saa nzima nikaambulia kitu kama pamba ya mtoni, imezama yote chini ya glasi. Kumbe maji yakiondoka vijiuzi vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe kwa bondi za haidrojeni, na ukiloweka tena haviachiani kama mwanzo.

1. Kata katani vipande vya sentimita moja, gramu 20 zinatosha. Pasha moto saa mbili kwenye lita moja ya maji yenye gramu 40 za kostiki soda, joto la 80°C. Vaa glavu na miwani. Soda ndo inatiwa kwenye maji, USIMWAGE maji juu ya soda. Sufuria iwe ya stenlesi, alumini inaliwa na soda na inatoa gesi inayolipuka. Maji yatakuwa kahawia tii, hiyo ni lignini na hemiselulosi (vitu vinavyogandisha nyuzi za mmea pamoja) zinatoka.

2. Suuza mpaka utelezi uishe, kisha ng'arisha na haidrojeni peroksaidi ya 3% yenye kostiki soda kidogo, 70°C, saa moja, rudia mpaka ziwe nyeupe. Inatoa povu kwa hyo usifunike ukabana. Suuza tena.

3. Kusaga. Hapa ndo penyewe. Unataka 0.7%, yaani gramu 7 za nyuzi kavu kwa lita ya maji, sasa nyuzi zako ni mbichi utajuaje? Kamua, chukua gramu 10 za sampuli, kausha kwenye oveni 105°C, pima iliyobaki, piga hesabu, afu hiyo sampuli tupa, imeshakufa. Uetani na Yano wa Chuo Kikuu cha Kyoto walionyesha 2011 kwamba blenda ya kasi ya mizunguko 37,000 kwa dakika ikisaga nyuzi ambazo hazijawahi kukaushwa, kwa kipimo hicho hicho cha 0.7%, nusu saa inatosha kuzifungua. Blenda ya nyumbani haifiki huko, utapata mchanganyiko wa nyuzi za nano na kubwa kiasi, bado zinasaidia. Saga dakika 2, pumzisha 5, mpaka uone inakuwa jeli, ukiinamisha glasi haitaki kumwagika.

4. Jeli gramu 36 changanya na maji mililita 65 kwanza, ndo utie wanga gramu 5 na gliserini gramu 1.5. Hapo nyuzi ni kama 5% ya wanga. Pasha ukikoroga mpaka iwe angavu, mimina kwenye kioo, acha ikauke taratibu siku mbili. Tengeneza na nyingine isiyo na nyuzi, uvute zote mbili kwa mkono, utaelewa bila mashine.

MASWALI

Swali: Mkuu nikizidisha nyuzi si inakuwa ngumu zaidi?
Jibu: Mpaka mahali. Ukizidisha, uji unakuwa mzito, mapovu hayatoki, nyuzi zinajikusanya madonge, na kila donge ndo panapoanzia kuchanika. Cheza na 3% mpaka 10% ya wanga.

Swali: naweza kutia kwenye plastiki ya kawaida ya kuyeyusha
Jibu: Sio hivi hivi. Nyuzi zinapenda maji, plastiki ile haiyapendi, zitajikunja madonge humo ndani. Viwandani wanaubadilisha kwanza uso wa nyuzi kwa kemikali, na joto likipita 200 nazo zinaanza kuungua.

Swali: Ikilowa je?
Jibu: Inalegea. Ikiwa kavu inazuia oksijeni vizuri sana, unyevu ukiingia sifa hiyo inashuka. Kwa hyo ya kubebea vitu vya majimaji sahau.

Swali: Hii inaitwa rafiki wa mazingira ila umeme wa kusaga nani anauhesabu?
Jibu: Umegusa penyewe. Kusukuma nyuzi kwenye homojenaiza (mashine inayozipitisha kwenye tundu jembamba kwa shinikizo kubwa) bila kuziandaa kulikuwa kunakula zaidi ya kilowati-saa 20,000 kwa tani. Ndo maana watu wanatanguliza vimeng'enya, au njia ya TEMPO (jina la kemikali inayotumika kuoksidisha uso wa nyuzi) ya kina Saito na Isogai wa Tokyo, 2006, inayoweka chaji hasi juu ya vijiuzi visukumane vyenyewe, kusaga kunabaki kudogo.

Swali: blenda imetoa harufu ya kuungua nifanyeje
Jibu: Zima! Dakika 2 nilizosema sio pambo. Ikipoa ongeza maji, jeli yako ni nzito.