Kupima ufizi mgumu: anza na sonda, iodi itakuja nyuma

Kila mara wanafunzi wapya wakifika stazhi, iko mmoja anauliza: dokta, nitajua aje kama huu ufizi uko na keratini (ile protini ngumu kama ya kucha) ya kutosha? Basi naandika yote hapa ili nisirudilie tena, na naandika vile tunafanyaka huku Bukavu, na kioo, sonda (kale kachuma kembamba kenye alama za milimita), torshi ya simu umeme ukienda, na Lugol, dawa ya iodi ya farmasi.

Ujue kwanza unatafuta nini. Ufizi wenye unazunguka jino uko na ngozi ngumu yenye keratini. Ukienda mbali na jino kidogo unakuta nyama laini, nyororo, yenye inacheza ukivuta mdomo, ile haina keratini. Pale zinakutana njo mpaka. Unapima toka kingo ya ufizi, pa katikati ya jino, mpaka ku huo mstari, kwa milimita. Shida yote ni kuuona huo mstari.

Vitabu vinasema angalia rangi, ngumu ni pinki na laini ni nyekundu. Sawa, lakini fungua mdomo wa mama mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, utakuta ufizi wa kahawia, mwingine mweusi kama wino, na ile rangi nyeusi mara nyingi inaishia karibu na mpaka lakini si kila mara, kwa hiyo ukifuata rangi peke yake utadanganyika tu. Rangi ikupe wazo, isikupe namba.

Kwa hiyo shika sonda, ilaze kwa ubavu juu ya ile nyama laini, isukume polepole kuelekea jino. Nyama itajikunja kama nguo, na pale mkunjo unagoma kuendelea, njo mpaka. Usivute mdomo kwa nguvu! Miye nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, nikaandika 6, mkubwa wangu akarudilia akapata 4, na nilinyamaza siku nzima. Tena karibu na kale kamshipi kanaunganisha mdomo na ufizi, nyama inavutwa, angalia mara mbili.

Ukibakia na mashaka, tumia iodi. Lugol ya kawaida iko na iodi 5% na iodidi ya potasiamu 10% mu maji. Uliza kwanza kama muntu ana aleji ya iodi ao shida ya goita, kausha ufizi na kompresi, kisha paka na kapamba kadogo. Nyama laini iko na glikojeni (sukari ya akiba ya seli), inakunywa iodi inakuwa kahawia nzito; ile ya keratini haishiki sana. Kwa fizi nyeusi piga foto mbele ya kupaka, la sivyo hutajua kahawia gani ni ya iodi na gani ni ya Mungu. Pima haraka juu rangi inapotea. Na funika nguo, papa mmoja alikuja na shati nyeupe akielekea arusi, tone moja tu likadondoka pa kola... bado ananikumbusha.

Sasa hesabu, hapa wengi wanakosea. Upana wa ufizi mgumu si sawa na ufizi wenye umeshikamana na mfupa. Chukua upana wote, toa kina cha mfuko kati ya ufizi na jino. Mfano upana ni 5, mfuko 2, basi iliyoshikamana ni 3. Watafiti Lang na Löe mu 1972 walisema 2 mm za keratini, na 1 mm ndani yake ikiwa imeshikamana, ndio zinatosha kwa afya ya ufizi. Wengine leo wanabishana kwamba muntu anayesafisha meno vizuri anaweza kuishi na chini ya hapo, na miye naona hawajakosa. Angalia pia sonda yako: ile ya aina ya Williams haina alama ya 4 wala ya 6, wanafunzi wanahesabu mistari tu na wanapotea. Sonda ya aina ya UNC-15 iko na alama ya kila milimita.

Kama unataka keratini yenyewe, si upana, hapo inaingia labo. Unakwangua ufizi kidogo, unapaka ku lame ya kioo, unaweka mu alkoli, wanapaka rangi ya Papanicolaou, na seli zenye keratini zinatoka za rangi ya machungwa. Wanahesabu ni ngapi kwa mia. Biyopsi inaonyesha zaidi, kwa sababu pale unaona kama tabaka la juu bado liko na viini vya seli, vidogo vyeusi, ao havipo kabisa, lakini kukata ufizi wa muntu mzima ili ujibu swali la stazhi, apana.

Kwa meno ya juu, upande wa kaakaa, usipoteze muda kutafuta mpaka. Pale keratini inaendelea mpaka kaakaa lenyewe, hakuna mstari. Acha kolone ya upande wa kaakaa wazi ku fishi ya mgonjwa.