Kupiga skrinshoti kwenye kompyuta ya Windows

Jamani bado kuna watu wanapiga picha skrini ya kompyuta kwa simu, inatoka mistari mistari na taa ya sebuleni juu yake. Kama una Windows 10 au 11 shikilia kile kitufe chenye alama ya dirisha afu bonyeza PrtSc, skrini inafifia kidogo basi ishajisevu, iko folda ya Pictures ndani ya Screenshots. Laptopu zingine mpaka ushike na Fn.

Ukitaka kipande tu, mfano risiti bila watu kuona tabo zako zingine, bonyeza Windows + Shift + S uvute mausi, ila kwa Windows 10 hapo haijasevu bado, fungua programu ya Paint, Ctrl + V kuibandika, halafu Ctrl + S kuisevu. Kwenye aina ya faili chagua PNG, JPG inachafua maandishi.